Kulipasha Moto Kabla Mnunuzi Hajaja

Jana niliota mchana kweupe, nimevaa shati la heshima na viatu miguuni, nusu saa kabla mnunuzi wa gari langu hajabisha hodi. Bibi yangu alikuwa akisema ndoto ya mchana ni ya shibe, haina neno. Mimi nilikuwa nimekula ugali na mlenda, sahani mbili, kwa hiyo kama ni shibe nilikuwa nayo. Lakini hii ilikuwa na neno, tena si moja.

Kwanza mjue habari ya gari. Naitwa Gerold Kikoti, nauza chakula cha kuku hapa Kihesa, Iringa, na kwa miaka minne nimekuwa nikibeba pumba na mashudu kwa gari la mbio. Msicheke. Wenzangu walipofika umri huu walianza pombe, wengine walioa mke wa pili. Mimi nilinunua gari la Kijapani lenye turbo, viti vinavyokumbatia mbavu, na bawa la nyuma ambalo mke wangu Oliva hulitumia kuanikia soksi. Ni la otomatiki, halina klachi. Unakanyaga tu, gia zinajipanga zenyewe. Vijana wa mtaani waliniambia gari la mbio la otomatiki ni jogoo asiyewika. Nikawaambia mimi ni mtu mzima, na mguu wangu wa kushoto nao una haki ya kustaafu.

Sasa tunaliuza ili tununue mashine ya kusaga na kuchanganya chakula cha kuku. Tatizo liko kwenye gia. Asubuhi likiwa la baridi, likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili linapiga teke la punda, na kwenye mlima linanguruma bila kwenda popote. Likishapata moto linatulia kabisa, unaweza kuweka kikombe cha chai juu ya dashibodi. Dawa yake kila muuza gari anaijua: mnunuzi akisema anakuja saa kumi, wewe saa tisa unalipasha. Nililipeleka Ipogolo na kulirudisha mara mbili, nikalifuta vumbi, nikaliegesha kivulini. Kisha nikajilaza kwenye kochi.

"Baba Edigna," Oliva alisema huku akichambua mchele, "Mwalimu umemwambia habari ya gia?"

"Akiuliza nitamwambia."

"Na asipouliza?"

"Basi hana haja ya kujua."

Akasema "Haya," ile haya ya mke ambayo ukiisikia unaona heri angekutukana.

Huyo Mwalimu ni Mwalimu Tusekile, wa mtaa wa pili kutoka kwetu, mjane, mama wa mapacha wa miaka mitano, Sekela na Lusajo. Amehamishiwa shule ya huko chini, Ruaha Mbuyuni. Maana yake kila Jumapili atateremka Kitonga na watoto wake kiti cha nyuma, na kila Ijumaa ataipanda. Asiyeijua Kitonga nimweleze: ni mlima ambao barabara inajikunja ubavuni mwake, upande mmoja mwamba, upande wa pili hewa tupu, na yapo malori yaliyokwenda upande wa hewa yakabaki huko huko. Haya yote niliyajua nikiwa nimelala pale kochini. Nikafumba macho haraka nisiendelee kuyajua.

Nikaota niko ndani ya gari.

Halina ufunguo lakini linawaka. Nataka kuondoka, nashika mkono wa gia, hausogei. Naangalia chini. Pale penye herufi P, ya kuegesha, amekaa mama mnene aliyevaa kitenge cha parokia, kakunja mikono kifuani, na makalio yake yote yako juu ya kufuli.

"Kanyaga breki kwanza," anasema.

Nakanyaga.

"Si hiyo. Hiyo ni ya gari. Kanyaga ya kwako."

"Mimi sina breki, mama."

"Ndilo tatizo lililonileta."

Ananieleza utaratibu bila haraka, kwa sauti ya karani wa benki anayejua foleni haina pa kwenda. Kwenye P hatoki mtu ambaye hajasimama kabisa. Gari limesimama, hilo halina ubishi, lakini mimi bado natembea. Nambishia. Ananielekeza kidole dirishani, na kweli, kiwiliwili changu kimekaa kwenye kiti lakini kichwa changu kiko dukani mjini, kinaizunguka mashine ya kusaga, kinaigonga gonga pembeni na kumwambia muuzaji hii rangi mbona imekwaruzika.

Nakiita. Kinajifanya hakisikii. Namwomba Mama P anisaidie, anapiga kofi moja tu, na kichwa kinarudi kimekasirika, kina unga kwenye nyusi.

"Sasa umesimama," anasema. Ananyanyua kalio moja, kufuli linalia tak, na mkono wa gia unateleza wenyewe mpaka R.

Mlango wa abiria unafunguka, anaingia bwana mmoja wa suti, uso wake uko kisogoni. Kabla ya kusema neno lolote analia tii, tii, tii.

"Tii, tii. Mimi Rivasi. Tunarudi mpaka wapi?"

"Kidogo tu, ndugu yangu. Nitoke getini."

"Kidogo hatuna. Tunarudi mpaka kwenye kosa."

Tunarudi. Kwenye kioo naiona nyumba yangu inakuja, na tunapita katikati yake. Oliva yuko jikoni, anasogeza sufuria tupite, wala hatutazami. Tunapita mwaka jana. Tunapita mwaka juzi. Watu wote barabarani wanatembea kinyumenyume. Msiba wa baba mkwe unarudishwa nyumbani, wafiwa wanafungua milango, na waombolezaji wanapanga mstari kuchukua rambirambi zao. Baba mkwe mwenyewe anainuka kwenye mkeka, ananitazama nikipita, anatikisa kichwa kama alivyozoea.

"Angalia nyuma," Rivasi ananikumbusha. "Ukiwa na mimi hakuna kuangalia mbele."

Tunasimama gereji kwa fundi Chaula, ambaye mtaani tunamwita Daktari kwa sababu wagonjwa wake wengi hawarudi. Ni siku ile nilipoleta gari kwa mara ya kwanza. Namwona Gerold wa siku hiyo amesimama mkono kiunoni, ana nywele zaidi na kiburi kilekile.

"Daktari," Gerold huyo anauliza, "oili ya gia tuibadilishe?"

Chaula anafuta mikono kwa kitambaa kilicho kichafu kuliko mikono yenyewe. "Oili ya gia haiguswi, mzee wangu. Gari la otomatiki linazoea oili yake. Ukiitoa linapoteza kumbukumbu, linasahau kutembea."

Maneno hayo nayakumbuka vizuri. Niliyapenda tangu siku ile kwa sababu hayakunitaka kufanya kitu chochote. Miaka minne nimeyahubiri kwa wengine, nikiwa nimeegemea bawa langu, na watu wamenisikiliza.

Lakini katika ndoto Chaula anainama kwenye injini, anashika kile kijiti cha kupimia oili ya gia, anakivuta, na kijiti hakiishi. Anavuta, anavuta. Kinatoka mita kumi, kinatoka mita hamsini, kinajikunja uani mpaka kuku wanaanza kukiruka. Oili iliyokishika ilipaswa kuwa nyekundu. Ni nyeusi, inanuka wali ulioungua. Na kweli haijasahau kitu. Kila sentimita ina tukio lake, limeandikwa kwa mwandiko safi wa shule ya msingi.

Chaula anavaa miwani na kusoma kwa sauti ya msoma matangazo kanisani.

"'Magunia tisa ya mashudu kwa mkupuo mmoja, mlima wa Ilula, mguu wote chini.'"

"Wateja walikuwa wanasubiri," najitetea.

"'Alitoka R akaingia D gari likiwa bado linarudi nyuma. Alikuwa anawakimbia mgambo.'"

"Hao mgambo walikuwa wawili."

"'Alishindana na basi la abiria, Igumbilo, akiwa amembeba paroko.'"

"Paroko mwenyewe alisema niongeze."

Chaula anasogeza kidole sentimita moja. "'Paroko alikuwa anasali.'"

Nainamisha kichwa. Gerold wa siku ile ananiangalia kwa dharau, ananiuliza mimi ni nani na kwa nini nimezeeka vibaya. Namwambia Chaula aimwage oili yote sasa hivi, aweke mpya, aanze upya tangu siku ya kwanza, na mambo yatakuwa yamekwisha.

"Siwezi," anasema, na anasema kwa huzuni ya kweli. "Mimi hapa ni wa mwaka ule. Mwaka ule nilikuwa sijui."

"Tii, tii," anasema Rivasi. "Kosa tumeliona. Shuka."

Nashuka, na pale ninapokanyaga si gereji tena. Ni Kitonga, juu kabisa, mwanzo wa mteremko. Gari liko pembeni yangu na mkono wa gia umekwishajiweka N. Juu ya boneti amekaa bwana mwembamba aliyevaa pajama, mwenye uso wa mtu anayeamka saa nne.

"Free," anajitambulisha. "Sina kazi maalumu. Ukiniweka mimi, injini inakwenda kivyake, tairi zinakwenda kivyake, na wewe na Mungu wako."

Huyu ni rafiki yangu wa siku nyingi, namkumbatia. Kitonga huwa nateremka naye. Ukifika juu unaweka free, gari linashuka kwa uzito wake, mafuta yanabaki kwenye tanki. Madereva wa zamani walitufundisha hivyo kwenye magari yao ya zamani, na hakuna aliyetuambia kwamba gia ya otomatiki ikiburuzwa na tairi huku injini imesinzia inakauka koo. Wala sikuuliza. Mtu haulizi juu ya jambo linalompa faida.

Nikiingia garini nasikia mtu anahema nyuma. Ni mzee mnene mwenye taulo shingoni, uso umeiva kwa joto, amejibana katikati ya magunia ya pumba.

"Wewe nani?"

"Turbo."

"Una nini?"

"Nasubiri dakika zangu mbili za kupoa." Anapumua. "Miaka minne nazisubiri. Nakimbia mizunguko laki moja kwa dakika kwa ajili yako, tunafika nyumbani, unazima ghafla, unaingia ndani kula. Oili inaniunguza mwilini nikiwa nimesimama gizani. Mgeni wako akija anakimbia hivyo, utamfungia mlango usoni?"

"Pole, mzee."

"Na petroli unayoninywesha ni ya pikipiki."

"Pole sana, mzee."

"Usinipe pole. Nipe dakika mbili."

Nampa. Tunakaa, mimi, Turbo na Free, injini ikizunguka polepole, tukiangalia bonde lilivyotandaza mibuyu yake na mto unaometa kule chini. Nilikuwa nimepita pale mara mia na sikuwahi kuona kwamba kuna mto. Zilikuwa dakika mbili nzuri. Zilipokwisha Turbo akajifuta uso, akasema asante, akashuka na kwenda zake kwa miguu.

Gari linaondoka lenyewe.

Free anapiga miayo na kulala begani kwangu. Kona ya kwanza inakuja upesi, ya pili inakuja kabla sijamaliza ya kwanza. Nakanyaga breki, inanuka, inashika, inachoka. Namwamsha Free anisaidie, anasema yeye alinieleza tangu mwanzo hana kazi maalumu. Kwenye kona ya tatu barabara imefungwa kwa matawi mabichi na mawe, na gari linasimama pua ikigusa meza.

Nyuma ya meza wamekaa nyani. Wale wale wa Kitonga, wanaokaa ukingoni kusubiri maganda ya ndizi, ila leo wana daftari, mhuri na thermosi ya chai. Mkubwa wao amevaa koti la bluu la gereji.

"Nani anateremka na free?"

"Naokoa mafuta, mkuu."

"Unayaokoa na nini? Yamevamiwa?"

Nikaona nichangamshe baraza kidogo, sisi watu wa biashara ndivyo tulivyo. "Mkuu, kumbe siku hizi nyani naye anaona..."

"Malizia."

"Nimeishia hapo."

"Tunajua mnachosema. Eti nyani haoni kundule." Anafunika kalamu yake. "Nyani anaona. La kwake analiona, na la mwenzake analiona, kutwa nzima, hatuna kazi nyingine. Ninyi ndio mnapita hapa mmeyakalia kwenye viti vya mbio."

Wenzake wanaitikia kwa vichwa. Mmoja anaandika jambo hilo kwenye daftari na kulipigia mhuri.

"Gari tunalipeleka kwa matibabu," anasema mkubwa. "Wewe tunakuuza."

"Mimi?"

"Mnunuzi anakuja saa kumi. Umri?"

"Hamsini na mbili."

"Asubuhi unaamkaje?"

"Vizuri tu. Magoti yanagonga kidogo. Nikishatembea yanatulia."

Nyani wanatazamana. "Basi utaratibu unaujua," anasema mkubwa, na anavua koti.

Wananipasha moto. Wawili wananisukuma mgongoni, napandishwa Kitonga mbio, nateremshwa, napandishwa tena. Mara ya tatu magoti yamenyamaza. Wananifuta jasho, wananipaka mafuta ya nazi kwenye visigino, wananichana hata zile nywele chache, wananisimamisha kivulini kwenye ubavu wa mwamba. Wanafanya kazi kwa utaalamu, hawasemi maneno mengi. Naona aibu, maana hakuna hatua hata moja wanayoifanya ambayo sikuifanya mimi saa moja kabla.

Saa kumi kamili anafika Mwalimu Tusekile, kavaa gauni lake la kazini, mkoba begani, Sekela mkono huu na Lusajo mkono huu. Ananizunguka polepole. Ananipiga teke dogo kwenye ugoko, namna wanunuzi wanavyopiga tairi.

"Huyu hana tatizo lolote?"

"Hana," anasema nyani bila kupepesa. "Ni wa kuwasha na kuondoka. Alikuwa akitumiwa na mtu mmoja tu, mstaarabu, wa kwenda kanisani na kurudi."

"Na milimani?"

"Mlima haujui kabisa. Yaani hausikii."

Nataka kusema, Mwalimu, usinichukue, uliza habari ya magoti yangu. Nafungua mdomo, inatoka honi. Pii. Mwalimu anatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Honi nayo ni nzima," anasema.

Anapanda mgongoni kwangu na watoto wake. Lusajo anawekwa katikati, Sekela anakaa juu mabegani mwangu, na kanga ya mama yao inazungushwa tumboni kwangu mara mbili na kufungwa fundo, ndio mkanda. Kisha Mwalimu anashika sikio langu la kushoto, analivuta taratibu kutoka P, analipitisha R, analipitisha N, analifikisha D. Naondoka. Ukiwekwa D huna hiari.

Kona ya kwanza naikata vizuri mno, nyani kule nyuma wanapiga makofi. Ya pili vilevile. Nakiri kwamba nilijisikia fahari kidogo, ndivyo nilivyoumbwa. Halafu upepo wa bondeni unaanza kunipuliza magotini na nayasikia yanapoa. Kwenye kona ya tatu goti la kulia linapiga teke, wote wanaruka.

"Mama, nini?" anauliza Lusajo.

"Itakuwa barabara," anasema Mwalimu.

Barabara ni safi kabisa. Anaisingizia barabara kwa sababu mimi aliniamini. Nampigia honi, namwambia ni mimi, ni mimi, shuka. Pii, pii. Anadhani nayasalimu malori.

Juu mabegani Sekela anakula ubuyu kutoka kwenye kifuko cha nailoni, anatema kokwe moja moja kwa adabu upande wa bonde. "Mama, gari letu linaitwa nani?"

"Halina jina."

"Lina masikio."

"Kula ubuyu wako."

Lusajo amepitiwa na usingizi. Shavu lake limelala katikati ya mgongo wangu, na pumzi yake naisikia inapita kwenye shati, inaingia na kutoka. Hapo ndipo nilipoogopa. Niseme waziwazi: niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa nikiwa macho, maana katika watu wote waliokuwa kwenye mteremko ule, mmoja tu ndiye aliyekuwa anajua, na huyo huyo ndiye waliyekuwa wamempanda.

Kona ya nne magoti yote mawili yanaachia. Nakanyaga lami, mguu unazunguka bila kushika. Nanguruma kwa nguvu zangu zote na nguvu haziendi popote, tunakwenda kwa uzito tu. Mbele kuna lori limesimama katikati ya njia, na pembeni yake ni ile hewa. Mwalimu analivuta sikio langu kulirudisha gia ndogo. Sikio halijibu. Analivuta tena. Hapigi kelele. Anasema kwa sauti yake ileile ya darasani, "Watoto, shikeni."

Vidole vya Sekela vinanata sukari ya ubuyu. Anavifuta kwenye shingo yangu ili ashike vizuri, na ananishika.

Nikaamka miguu yangu ikipiga kochi mateke. Oliva alikuwa amesimama juu yangu na ungo wake.

"Mwalimu yuko getini," alisema. "Na hizo pii, pii ulizokuwa unalia, sijui ndio nini."

Nikatoka nje. Magoti yaligonga. Mwalimu Tusekile alikuwa amekwishaingia uani, peke yake, kasimama kivulini karibu na gari, kiganja kimelala juu ya boneti.

"Shikamoo, Mzee Kikoti."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu."

"Lina moto," akasema. "Ulikuwa umetoka nalo?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, tena mzuri, ulikuwa na mgonjwa ndani yake na hospitali ya mkoa. Niliusikia unavyojipanga.

"Nimelipasha kwa ajili yako," nikasema. "Likiwa la baridi linapiga teke, na kwenye mlima gia inaachia. Oili ya gia haijaguswa tangu nilinunue. Nilikuwa nakuficha. Kwa Kitonga halifai, Mwalimu. Na kwa watoto ndio halifai kabisa."

Akaondoa kiganja, akakitazama, akanitazama mimi. Heri angekasirika. Alinitazama kwa utulivu wa mtu anayesahihisha mtihani na kalamu nyekundu anayo.

"Na saa moja iliyopita ungeniambia?"

"Nisingekwambia."

Nilisikia nyuma yangu ungo ukiwekwa chini, nikajua Oliva amesikia yote, na mashine yake ya kusaga amekwishaiona inabaki dukani.

"Njoo kesho asubuhi, saa kumi na mbili," nikamwambia Mwalimu. "Litakuwa limelala usiku kucha. Uje na fundi wako, si wangu. Uliwashe mwenyewe, ulisikie, ulipandishe kilima cha kwanza utakachokiona. Ukisema hulitaki, tutaagana vizuri tu. Ukilitaka, haliondoki hapa mpaka gia imetengenezwa."

"Sekela nilikwishamwahidi gari lenye bawa," akasema. Alikuwa na wiki mbili tu za kuripoti kazini, mtaa mzima ulijua.

Oliva akasogea. Nilidhani anakuja kunisema mbele ya mgeni, na ningestahili. Badala yake aliniinamisha kichwa kwa mkono mmoja na kuiangalia shingo yangu kwa nyuma.

"Baba Edigna, ulikuwa na nani humo ndani?" akauliza. "Una alama za vidole vya mtoto hapa. Vinne. Vyekundu."

Nyumbani kwetu hakuna mtoto. Edigna ana miaka ishirini na sita, yuko Songea.

Mwalimu akazunguka naye akaangalia. Akagusa kwa ncha ya kidole, akanusa. "Ni ubuyu," akasema taratibu. "Sekela ndiyo tabia yake huyo. Akila lazima ajifute kwa mtu."

"Yuko wapi?" nikamuuliza.

"Tukuyu, kwa bibi yao. Wote wawili, tangu Jumatatu."

Oliva akailowesha ncha ya kanga kwa mate, akaiinua anifute. Nikamshika mkono, nikamwomba aviache mpaka kesho asubuhi, Mwalimu atakapokuja kuliwasha gari likiwa la baridi.